Ijumaa ya Kwanza Mlininyima Kimya

Wajukuu zangu, vijana wa parokia yetu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu nilikuwa kanisani Ekaristi Takatifu ilipowekwa altareni. Saa nzima ya kuabudu, na sikupata hata dakika tatu za kimya. Kinanda, mapambio, maikrofoni ikipita mkono hadi mkono, kila anayeishika akipaza sauti kumzidi mwenzake. Padre alipopiga magoti akanyamaza, mmoja wenu akaanzisha wimbo kana kwamba kuna jambo limeharibika. Wengine mlisimama na simu, mkipiga picha. Nilirudi nyumbani na uchungu.

Nani amewaambia Mungu ni mzito wa kusikia? Bwana mwenyewe alikataza kupayuka-payuka. Nabii Eliya kule mlima Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo; ikaja sauti ndogo ya utulivu. Kwa kelele zile angeisikiaje?

Sala ya taamuli, yaani kukaa kimya mbele za Mungu bila maneno mengi, si ya watawa peke yao. Mtakatifu Teresia wa Avila, mtawa wa Hispania aliyefariki 1582, alifananisha sala na kumwagilia bustani: kwanza unachota kisimani, kisha unazungusha gurudumu, kisha mto unaleta maji, mwisho mvua inanyesha nawe hujafanya kitu. Nimelima mchicha miaka mingi, najua ndoo inavyochosha bega. Mvua hailetwi na mkulima. Lakini ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu, hata masika hupita juu yake yakaishia mtaroni. Kazi yetu ni kutifua. Na huyo Teresia, kwa miaka alikuwa akisikilizia saa igonge ili kipindi cha sala kiishe. Basi msione aibu mawazo yakizurura.

Babu yenu alipofariki, maneno yalinikauka. Rozari nilikuwa naishika tu. Nikawa nakwenda kuketi mbele ya tabernakulo, kile kisanduku kinachotunza Ekaristi kanisani, nusu saa kila jioni, nikiwaza deni la mazishi na mbuzi wasiofungwa. Wiki baada ya wiki, sikuona nuru wala kusikia sauti. Ila jioni moja nilitoka mle nikapitia kwa shemeji yangu, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, nikamwomba radhi. Nguvu ile haikuwa yangu. Mimi najijua.

Ndiyo maana nawaka nikiona neema inauzwa barabarani kwenye chupa za mafuta na maji. Binti mmoja kati yenu alitoa ada yake ya chuo, akaambiwa amepanda mbegu. Akaja kwangu analia. Mwanangu, neema hutolewa bure, ndiyo maana ikaitwa neema. Nasi wazazi tumekosea: redio na televisheni zinawaka alfajiri hadi usiku, mtoto akikaa kimya tunamwuliza anaumwa nini.

Mengine ni mepesi. Chagueni saa isiyobadilika. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Shikeni neno fupi, hata jina la Yesu tu, mlirudie polepole mawazo yakitoroka. Msiache Misa, kitubio, wala Maandiko. Msipime sala kwa machozi.

Ijumaa ya kwanza ijayo nitakuwa benchi la nyuma, upande wa sanamu ya Bikira Maria. Panatosha watu sita. Simu ziacheni nyumbani.

Bibi yenu