Barua ya kufunga muhula: maoni ya wanafunzi kuhusu riwaya za Roma ya kale

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA DAFTARI LA USOMAJI, KIDATO CHA PILI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndani ya bahasha mtakuta ripoti ya matokeo na daftari la usomaji. Naomba daftari lifunguliwe kwanza.

Wanafunzi wamesoma vitabu vinne vya mwanzo vya mfululizo wa riwaya za Roma, na kila baada ya sura tatu wakaandika ukurasa mmoja wa maoni. Kurasa za mwanzo ni muhtasari mtupu: nani kaenda wapi, nani kauawa. Mambo yalibadilika tulipowauliza swali moja tu: ni wapi hukumwamini mwandishi, na kwa nini?

Hapo ndipo makosa mazuri yalipoanza. Wahusika walipokula "saa ya sita", wanafunzi wengi walilalamika kwamba hakuna anayekula chakula cha mchana alfajiri. Vitabu ni vya Kiingereza, nao wamezoea kwamba sita ya Kiingereza ni saa kumi na mbili yetu. Kumbe Warumi walihesabu kama sisi, tangu jua lichomoze, na saa yao ya sita ni saa sita ya mchana, basi. Tofauti ni kwamba waligawa mwanga wa mchana mafungu 12 sawa, hivyo mjini Roma saa moja ilifika dakika 75 hivi katikati ya majira ya joto, na kama 45 wakati wa baridi. Michoro ya wanafunzi nayo ina kasoro: meza za Kirumi zimejaa mahindi na nyanya, vyakula vilivyotoka Amerika baada ya 1492. Wangechora mkate wa ngano, zeituni, tini na garum, mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi.

Wazazi wachache mliomba sura za utumwa zirukwe. Sikukubali. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba mwandishi amekosea kumfanya mtumwa awe Mgiriki na tena karani, kwa sababu utumwa wanaoujua ni ule wa Bagamoyo na Zanzibar. Roma haikuchagua watumwa kwa rangi. Mateka wa vita walitoka Gallia (eneo la Ufaransa ya leo), Syria, Ugiriki na Afrika pia. Tiro, karani wa Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, aliachwa huru mwaka 53 K.K. akachukua jina la bwana wake: Marcus Tullius Tiro. Wakati huohuo wengine walikuwa wakifia migodini. Ukiruka sura hizo, mtoto anabaki na nusu ya picha.

Likizo hii ni kitabu cha tano, dakika 20 kwa siku. Kwenye daftari achore safu tatu: jambo alilolitilia shaka, ukurasa, na alikolithibitisha. Mambo matano yanatosha. Filamu haihesabiki kuwa uthibitisho.

Kitabu kikilowa msikianike juani, kwani gundi ya mgongo hukakamaa na kurasa huchomoka. Wekeni karatasi kavu kila baada ya kurasa kumi, mkigandamize kivulini, na karatasi zibadilishwe zikilowa.

Kitabu na daftari vikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule, kabla ya paredi. Kalenda imeambatishwa.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule