Sio kila jumba jeupe la Uingereza ni la Nash

Mhariri, salaam. Nimeisoma makala yenu ya yale majumba meupe ya Uingereza ya enzi za Regency (miongo ya mwanzo ya miaka ya 1800) na nimefurahi sana kuona gazeti letu linagusa mambo haya, ila kuna kitu kimenikera na siwezi kukinyamazia. Mwandishi kamrundikia mbunifu wa majengo John Nash kila kitu, na ile picha kubwa mliyoiandika chini "majumba ya Nash, London" sio ya Nash na wala sio London, pale ni Brunswick Square, Hove, mji wa kando ya bahari jirani na Brighton, na aliyebuni majumba hayo anaitwa Charles Busby.

Nash heshima yake anayo, hakuna anayebisha. Mwaka 1811 ardhi ya Marylebone, London, iliporudi mikononi mwa Ufalme, na mwaka huohuo mwana wa mfalme akashika madaraka kwa sababu babake anaumwa (ndo hiyo Regency), Nash ndo alichora ramani ya Regent's Park na barabara ya kushuka mpaka Carlton House, kasri la huyo mwana wa mfalme. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua nyumba kibao zilizobanana ukuta kwa ukuta na kuzipa uso mmoja wenye nguzo na sanamu, ukisimama mbali unajua kabisa hili ni kasri la mtu mmoja, kumbe ndani wanaishi familia chungu nzima kila moja na mlango wake. Cumberland Terrace ya 1826 iangalieni vizuri mtaona. Lakini hata pale aliyeifanyia kazi michoro na kuisimamia ni James Thomson, na Cornwall Terrace iliyotangulia ni ya Decimus Burton, kijana wa miaka ishirini na kidogo tu wakati huo, ambaye babake James Burton ndo mjenzi aliyethubutu kuweka hela kwenye mradi wakati wengine wanasitasita.

Sasa huku Brighton na Hove, Nash mitaa hii hahusiki. Mtaa wa Kemp Town, yaani Sussex Square na Lewes Crescent, ilichorwa na Busby pamoja na Amon Wilds na mwanae Amon Henry Wilds kuanzia 1823, kwa ajili ya mwenye ardhi Thomas Read Kemp. Halafu Busby akaingia kuchora mtaa wa Brunswick, ule wa kwenye picha yenu. Kemp madeni yalimzidi akakimbia nchi 1837 akafia Paris, na Busby mwenyewe alifilisika akafa 1834, mtu kaacha mtaa mzima unaopigwa picha kila siku halafu gazeti linampa sifa zake mtu mwingine, hapana jamani, inauma.

Na kingine ambacho makala haikusema kabisa, zile kuta sio mawe. London ni matofali yaliyopigwa lipu, huku Brighton nyingi ni bungaroosh, yaani vipande vya matofali, kokoto na mawe ya ufukweni vimemwagwa pamoja na chokaa, halafu mbele lipu inapigwa na kuchorwa mistari ionekane kama jiwe la kuchongwa. Ukuta wa hivi unataka kupumua. Fundi akija na simenti ya kisasa akaziba, unyevu unabaki ndani na ukuta unaanza kuoza, mtu wa Mji Mkongwe Zanzibar nadhani hahitaji kuelezwa hili. Na mpaka leo Brunswick wenye nyumba wanabanwa na sheria kupaka uso wa mbele kila baada ya miaka 5, tena rangi ileile moja.

Na msidhani zimebaki kwa bahati. Mwaka 1945 halmashauri ilikuwa na mpango wa kuibomoa Brunswick yote wajenge maghorofa mapya, wakazi wakaunda chama cha Regency Society wakapigana mpaka mpango ukafa. Kule Regent's Park nako mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliharibu nyumba vibaya, ikabidi iundwe kamati, na 1947 ikashauri zihifadhiwe.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mrekebishe maelezo ya ile picha, mwandike Charles Augustus Busby, Brunswick Square, Hove. Na mwandishi wenu akitaka kuendelea na mada hii, nyumba namba 13 hapohapo Brunswick Square inakarabatiwa miaka mingi sasa iwe makumbusho ya nyumba za zama hizo, aanzie hapo.

Msomaji wenu, Hove, Uingereza