Tumpe, dinosaria wapo hapo hapo kwenu Songwe

Tumpe mpendwa,

Hamjambo huko, watoto wazima? Huku Dar tupo, joto tu ndo linatutesa. Uliniambia kwenye simu unaanza kufundisha miamba na mifano yote kitabuni ni ya Ulaya, nikaona nikuandikie kabisa kuliko kukutumia voisi ndefu, maana huko kwenu kuna mwamba ambao wataalam wa nje wanaufahamu vizuri na sisi wenyewe wengi hata hatujausikia.

Unaitwa Galula. Ni yale mawe ya mchanga, mengi mekundu mekundu, ya bonde la Rukwa. Zamani za Kretasia, kile kipindi cha mwisho cha dinosaria, mito ilikuwa inapita hapo inamwaga mchanga na tope, mnyama akifa anafunikwa, na sasa hivi mito ya leo inakata mwamba ule ule mifupa inachungulia nje. Watu ukiwatajia dinosaria wanakimbilia Tendaguru kule Lindi, yule mkubwa ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin baada ya Wajerumani kuchimba 1909 mpaka 1913. Sawa, anastahili. Ila yule ni wa kama miaka milioni 150 iliyopita na hawa wa kwenu wanacheza kwenye milioni 100, ni wanyama wengine kabisa.

Anza na Mnyamawamtuka, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu. Mwaka 2004 mifupa yake ilionekana juu kwenye genge linalotazama mto Mtuka, ule unaokauka kiangazi, wataalam wakachimba mwaka hadi mwaka mpaka 2008 na kufikia hapo watu walikuwa wananing'inia kwa kamba wanatoa mifupa ukutani. Alitangazwa rasmi 2019. Pingili za mkia wake zina umbo la moyo, ndo maana jina la pili akapewa moyowamkia. Mwenzake Rukwatitan alitangazwa 2014, naye alikuwa gengeni, na waliosaidia kumtoa ni pamoja na wachimbaji wa makaa ya mawe, watu wanaojua kupasua mwamba, nilifurahi sana kusoma hilo.

Halafu kuna Shingopana, alitangazwa 2017, na huyu ndo nataka wanafunzi wako wamjue. Mifupa yake ina vitundu vitundu kama mbao iliyoliwa na dumuzi, na ni kweli ni wadudu, walimtoboa alipokufa kabla hajafukiwa, kwa hiyo unajua kabisa mzoga ulikaa wazi kwa muda ndo mto ukaja kuufunika. Yaani tundu dogo la mdudu linakusimulia kilichotokea baada ya kifo cha mnyama mkubwa vile! Na ndugu zake wa karibu wametoka Amerika Kusini, sio hapa jirani, kwa sababu Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja kabla hazijaachana. Hiyo peke yake ni kipindi kizima cha jiografia.

Na si dinosaria tu. Kuna mamba mdogo saizi ya paka, Pakasuchus kapilimai, alitangazwa 2010, meno yake hayafanani, ya mbele yamechongoka na ya nyuma ni magego yanayokutana vizuri, wakati mamba tunaowajua wanang'ata na kumeza tu. Jina la kapilimai ni la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wape hilo watoto, wajue kuna Mtanzania kwenye hii kazi.

Sasa ombi langu, mwalimu. Ukiwapeleka kwenye makorongo waambie mtu akiona mfupa uliogeuka jiwe asiung'oe hata kama ni mzuri vipi. Apige picha, aweke alama mahali, taarifa iende serikali ya kijiji na watu wa Mambo ya Kale. Ukishautoa kwenye tabaka lake huwezi tena kujua ni wa lini wala ulikuwa umelala na nini, unabaki na jiwe la kuweka kabatini, na mimi roho inaniuma nikifikiria vingapi vimeshapotea hivyo.

Niambie kama shule ina projekta, nitakutumia picha za zile pingili kwa WhatsApp. Msalimie mama sana, mwambie ule mchele ulifika salama.

Wako,
Neema