Barua kwa mwanangu anayeandika maelekezo ya kipimo cha malaria

Mwanangu mpenzi,

Rasimu yako ya maelekezo ya kipimo cha haraka cha malaria nimeisoma, nikairudia. Maarifa yamo, na nimefurahi kuona huogopi somo gumu. Lakini kuna sentensi inasema: "Ni vyema ikazingatiwa kwamba sampuli ya damu inapaswa kuwekwa katika sehemu husika ya kifaa kwa kiwango kinachotakiwa." Mama, nani aweke? Sehemu ipi? Kiasi gani? Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote nakuelewa, maana vipimo hivyo nimevishika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeko kijijini, mtoto ana homa na mama yake ameshaanza kuhamaki, hana wa kumuuliza. Mwambie aweke damu kwenye kitundu gani, ajaze kifyonzea mpaka alama ipi, kisha umwoneshe picha ya kitundu hicho. Maneno kama "husika" na "kinachotakiwa" yanamwachia msomaji kazi ambayo wewe ndiye unayelipwa kuifanya.

Kuna utafiti uliofanyika Zambia na kuchapishwa mwaka 2008 ambao nataka uukumbuke kila unapokaa kuandika. Wahudumu wa jamii waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa kipimo na karatasi ya mtengenezaji inayokuja ndani ya boksi, basi. La pili likapewa mwongozo wa picha na maneno machache, hatua kwa hatua. La tatu likapata mwongozo huohuo na mafunzo mafupi. Kundi la kwanza lilifanya hatua kwa usahihi kwa wastani wa asilimia 57, la pili asilimia 80, la tatu asilimia 92. Kipimo ni kilekile. Kutoka 57 hadi 80 hakuongezwa kifaa wala mwalimu; iliongezwa karatasi iliyoandikwa kwa kumfikiria anayeisoma. Asikudanganye mtu hapo ofisini kwamba mwandishi huitwa mwishoni kuja kupamba lugha.

Sasa nikuoneshe palipo na hatari. Mstari ukitokea kwenye T, yaani sehemu ya majibu, macho ya mtu yeyote yataona malaria. Lakini kama kwenye C, sehemu inayothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, hakuna mstari, kipimo hicho hakifai, hata kama wa T umekolea. Apime upya kwa kipimo kingine. Wewe jambo hilo umeliweka ukurasa wa tatu, chini ya "Tahadhari". Atafika huko lini? Liweke palepale penye picha za kusoma majibu, kwa ukubwa uleule. Vivyo hivyo tarehe ya mwisho wa matumizi: umeitaja baada ya kumwambia afungue pakiti. Akishafungua, ameshaipoteza. Hatua ziandike kwa mpangilio ambao mikono itazifuata, na kila namba iwe na tendo moja.

Tena, angalia muda wa kusubiri. Vipo vipimo vya dakika 15, vipo vya dakika 20, kila mtengenezaji na chake. Usihamishe sentensi kutoka kwenye kazi ya zamani kwa kuwa vifaa vinafanana. Fungua boksi lenyewe, soma, upime mwenyewe kwa saa mkononi.

Hapo ndipo suala la kujifunza linapoingia, na hili naliandika kwa uzito. Nilipoanza kazi tulitibu malaria kwa klorokwini. Vimelea vikawa sugu, Tanzania ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini) mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ALu (artemetha na lumefantrini). Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, hata watoto wadogo ambao zamani katika maeneo yenye malaria nyingi walitibiwa kwa homa tu. Bila ushauri huo, kipimo unachokiandikia kisingefika vijijini kwa wingi hivi. Kila badiliko liliacha nyuma mabango ukutani yenye maneno mazuri, yanayosomeka vizuri, na yasiyo sahihi tena. Hayo ndiyo yananitisha kuliko maandishi mabovu, kwa sababu mtu huyaamini.

Kwa hiyo weka toleo na tarehe chini ya kila ukurasa. Mjue mfamasia, mjue mtu wa maabara, uwaulize hata maswali unayoona aibu kuyauliza. Mwongozo wa taifa ukitoka upya, usome wote, si ukurasa unaokuhusu tu. Na walau mara chache kwa mwaka toka ofisini, ukakae zahanati uone karatasi yako inavyotumika, au ilivyofungwa kwenye droo.

Shangazi yako anakuja Tanga Jumamosi. Hajawahi kushika kipimo hiki, lakini kusoma anasoma vizuri. Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa, na kipimo kimoja cha kufundishia ukikipata. Nitampa, nikae kando bila kumsaidia, niandike kila hatua anayosita. Jioni nitakupigia, tuzipitie moja moja.

Mama yako