Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Nanenane ya Dodoma mkulima anaingilia geti gani?

Mheshimiwa, shikamoo. Najua sherehe za Nanenane, sikukuu yetu wakulima, ndo kwanza zimeisha na umechoka, ila naomba unisikilize. Jina lako siliandiki, unajijua.

Mimi ni mkulima wa alizeti kutoka Iramba, Singida. Serikali ilivyoanza kuhamia Dodoma kweli kweli 2016, baada ya lile azimio la tangu 1973, sisi wa kanda ya kati tulifurahi, tukasema sasa makao makuu yapo mlangoni. Na mwaka jana ulishika kipaza ukasema Nanenane ni siku yetu. Nikaamini bwana, nikauza mbuzi nikapanda basi.

Kwanza malazi. Gesti ya uchochoroni pale Nzuguni, choo cha nje na maji ya ndoo, siku zote elfu kumi na tano, wiki hii elfu arobaini, na mhudumu ananiuliza "risiti niandike ngapi mzee?" Risiti naipeleka wapi mimi, zizini? Hapo ndo nikahisi bei zinapandishwa na hawa ndugu zetu wa posho, wao ofisi inalipa, sisi tunalala stendi. Nililala stendi kweli, na baridi ya Dodoma mwezi wa nane unaijua, au labda huko uliko haifiki.

Tarehe 8 alfajiri nipo getini. Kupekuliwa sina shida nako, usalama ni usalama. Tukaambiwa subirini msafara upite. Ukapita. Subirini mgeni rasmi akague mabanda. Akakagua. Haya, subirini ahutubie. Jua la utosi, pembeni yangu kuna mama wa Kondoa kaja na mfuko wa mtama ulioliwa na wadudu anataka amwoneshe mtaalamu, kaukumbatia hivyo hivyo mpaka saa tisa mchana. Hotuba tunaisikia kwenye spika, wakulima oyeee, na sisi huku nje ya uzio tunaitikia oyee, sijui humo ndani alikuwa anawaona wakulima gani, labda wale wenye tisheti mpya.

Tunaruhusiwa kuingia, watu wa mbegu wanakunja mabango. Kijana mmoja anachomoa waya wa feni akaniambia "mzee ungewahi jana". Mimi nilikuwa na swali moja tu, hii mbegu chotara tunayouziwa bei juu kwa nini katikati ya kichwa cha ua inatoa mapepe, yaani maganda matupu, maana msimu huu nimevuna karibu nusu ya kawaida. Nikapewa kipeperushi na kalamu. Kalamu yenyewe haiandiki. Yule mama karudi na mfuko wake.

Sasa Mheshimiwa ningekuomba mambo mengi, gesti zisimamiwe bei, vyoo viongezwe, kivuli basi hata cha turubai. Achana navyo. Naomba geti moja. Misafara iwe na lake, waalikwa wawe na lao, na sisi tuachiwe moja linalofunguliwa asubuhi wataalamu wakiwa bado wana nguvu ya kujibu maswali. Moja tu. Hata lile la kupitishia ng'ombe wa maonesho tutalikubali, maana wale niliwaona wanaingia saa mbili asubuhi na hakuna aliyewaambia wasubiri.

Ni mimi,
mkulima wa alizeti, Iramba