Rajabu, dawa usiache

Swahiba wangu Rajabu,

Salamu nyingi, na shemeji umfikishie zake. Hali utaniambia baadaye, maana leo nina haraka na hasira kidogo. Ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu: "Kolesteroli imekwisha, dawa nimeweka kando, sasa tule." Nikafungua picha ya majibu uliyoituma. Majibu mazuri sana, na ndiyo yaliyonitia hofu.

Hebu weka zile karatasi mbili pamoja. Ya kwanza, kwa milimoli kwa lita: kolesteroli jumla 6.7, HDL (ile nzuri) 1.1, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.4, LDL (ile mbaya, inayoziba mishipa) 4.5. Ya juzi, baada ya wiki kumi za atorvastatini, kidonge chako cha miligramu 20: jumla 4.5, HDL ileile 1.1, trigliseridi 1.9, LDL 2.5. Piga hesabu, LDL imeshuka kwa asilimia 44 hivi. Kidonge hicho, kwa dozi hiyohiyo, kwa kawaida hushusha LDL kwa asilimia 40 na ushei. Umeelewa ninapoelekea? Karibu yote hiyo ni kazi ya kidonge. Ni kama mtu aliyefungua mwavuli, akaona halowi, akaufunga akisema mvua imekatika.

(Nikiongezea kidogo, LDL yako huenda haikupimwa moja kwa moja. Maabara nyingi huikokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi uliyoigawa kwa 2.2. Jaribu na zako, utapata 2.5 ileile. Trigliseridi ikipita 4.5 hesabu hiyo haifai tena, lakini wewe uko mbali na huko.)

Sehemu kubwa ya lehemu, yaani hiyo kolesteroli, iliyo mwilini mwako inatengenezwa na ini lako mwenyewe, wala haitoki sahanini. Statini, yaani dawa za jamii ya kidonge chako, inakibana kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuitengeneza. Ini likipungukiwa, linaotesha vipokezi vingi zaidi juu ya seli zake, na hivyo ndivyo vinavyonasa LDL na kuitoa kwenye damu. Wanasayansi wa Marekani, Brown na Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1985 kwa utafiti wao wa mambo hayohayo. Ukiacha kumeza, vipokezi vinapungua, na wiki chache tu zinatosha kukurudisha kwenye 4.5. Nawe hutasikia kitu. Kichwa hakitauma wala hutaishiwa nguvu, na utaendelea kumwambia kila mtu kwamba umepona. Huko ndani chembe za LDL zinapenya ukuta wa mshipa, zinakwama, seli za kinga zinazimeza mpaka zinajaa mafuta, na ukoko unajengeka mwaka hadi mwaka. Siku ukoko ukipasuka, damu inaganda juu yake, na sehemu ya moyo inakosa damu. LDL ikishuka kwa 1 na kubaki hapo kwa miaka, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Wewe ulikuwa umeshusha 2. Halafu unaweka kando!

Sasa hilo la chakula. Mayai umeyafukuza, na mafuta ya kupikia umebadilisha, ukachukua ya nazi kwa sababu chupa imeandikwa "haina kolesteroli". Rajabu, hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Ni sawa na kuandika kwenye chupa ya maji "hayana mifupa". Cha kusoma ni mstari wa mafuta yaliyoshiba, haya yanayoganda yakipata baridi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina zaidi ya gramu 11 za hayo. Kiasi cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni asilimia 10 ya nishati yote ya siku, yaani gramu 22 kwa mtu wa kalori 2000. Vijiko viwili, umemaliza fungu lako kabla hujagusa nyama wala maziwa. Kijiko cha alizeti kina gramu moja na nusu hivi, cha zeituni kama 2. Kalori ni zilezile 120, kwa hiyo usimimine kama maji.

Yai nalo umelionea. Kiini kina miligramu 180 na ushei za kolesteroli, ni kweli, ila kwa watu wengi mafuta yaliyoshiba ndiyo yanayopandisha LDL zaidi. Uliza limekaangwa na nini. Na ukiona kwenye kifurushi chochote "mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa sehemu na haidrojeni", rudisha rafuni. Hayo yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo mmoja.

Jingine: ulichoweka mahali pa yai ni mkate mweupe na jemu, umeniambia mwenyewe. Trigliseridi yako bado iko juu ya 1.7, na sukari, wanga uliokobolewa na pombe ndivyo vinavyoilisha. Weka maharage, oti, karanga. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hushika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini linalazimika kuchukua kolesteroli ya kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Gramu 5 hadi 10 kwa siku zinashusha LDL kwa kama asilimia 5. Na kahawa ya kuchemsha, hasa kama unakunywa nyingi, ichuje kwa karatasi.

Lakini usije ukanijibu kwamba basi utakula oti na kuacha vidonge. Hata ukijitahidi sana, chakula peke yake kikushushie asilimia 10 au 15, hiyo 4.5 itafika 3.9 hivi. Narudi palepale: mpigie daktari wako leo, umwambie ukweli kwamba umeacha, na umuulize kuhusu kurudi kwenye dozi yako. Usifidie siku zilizopita kwa kumeza viwili viwili. Hata kuongeza dozi mara mbili hushusha LDL kwa asilimia 6 tu zaidi. Atorvastatini haichagui asubuhi wala usiku, chagua saa usiyoisahau. Juisi ya balungi usinywe kwa wingi, inazidisha dawa kwenye damu. Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, hapo usisubiri, piga simu mara moja.

Sasa nijibu haya, na usiniruke. Umeacha kwa sababu ya karatasi tu, au kuna maumivu unayonificha? Marehemu mzee wako alishikwa na moyo akiwa na miaka mingapi, alikuwa amefika 55? Tezi ya shingo ulipimwa? Maana ikilegea kazini nayo hupandisha LDL. Presha ni ngapi siku hizi? Sigara umeacha kweli au umeacha mbele ya shemeji? Na hivyo vidonge, "kando" ni wapi, kabatini au pipa la taka? Daktari akishakuruhusu, niandikie neno moja tu: nimemeza.

Wako,
Mussa