Fundi Wenu Amekata Fimbo ya Shingo ya Besi Yangu, Kisha Kosa Akaniandikia Mimi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: GITAA LA BESI LILILOHARIBIWA KWENYE KAUNTA YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia kwa heshima, na naomba muisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jibu lenu la Jumanne linaonyesha wazi kwamba barua yangu ya kwanza hamkuisoma.

Ombi langu ni hili: shingo ya besi niliyonunua kwenu itengenezwe kwa gharama yenu, na itengenezwe na fundi mwingine, asiwe yule wa Jumamosi. Masharti ya kurudisha bidhaa ni ninyi mlioyaandika, kwa hiyo sina haja ya kuwanukulia. Nilikuja siku ya 9. Ninyi mnatoa siku 14. Hapo hatuna la kubishania.

Nianze na Jumamosi yenyewe, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Niliilaza besi juu ya kaunta. Nikamweleza kijana wenu, kwa utulivu, kwamba shingo imepinda kuelekea mbele na ile fimbo ya chuma iliyomo ndani yake, trasi rodi, haizunguki. Hakuinua besi akachungulia shingo kutoka kichwani hadi kwenye daraja, jambo ambalo mtu wa besi hulifanya karibu bila kufikiri. Hakubonyeza uzi hata mmoja. Alivuta droo, akatoa kiufunguo cha pembe sita, akakitia kwenye tundu, kikawa kinacheza, kilikuwa kidogo. Akatoa kingine. Nikamwambia, “Kijana wangu, legeza nyuzi kwanza.” Akajibu bila kuniangalia, “Mzee, fundi ni mimi.” Akazungusha. Fimbo ikagoma. Akashika ufunguo kwa mikono miwili na kuegemea. Ndani ya shingo kukasikika “tak”, na ule ufunguo ukawa mwepesi mkononi mwake, unazunguka bila kushika kitu. Akauchomoa, akaufuta kwa kitambaa, akasema, “Hii umeileta ikiwa imevunjika.”

Mbele yangu. Mimi niliyeisikia ikivunjika kwa masikio yangu.

Ndugu Meneja, nyuzi nne za unene wa kawaida, 45 hadi 105 kwa elfu za inchi, zikikazwa hadi noti zake za E, A, D na G, huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Fimbo ile kazi yake ni kushindana na mvuto huo ili mti usipinde. Ndiyo maana mtu huzilegeza nyuzi, huzungusha robo mzunguko tu, hukaza tena, hupima, na huiacha shingo itulie kabla ya kuigusa mara ya pili. Ikigoma, unaacha. Huu si ujuzi wa siri. Magitaa yamekuwa na fimbo hizi tangu miaka ya 1920, na besi ya Precision ya kampuni ya Fender ilipotoka mwaka 1951 tayari ilikuwa nayo. Duka linalouza besi kila siku halina udhuru wa kumweka kaunta mtu asiyelijua hilo.

Na fimbo haikugoma kwa bahati mbaya. Siku besi ilipofika kwangu, kabla sijaitoa yote kwenye begi, niliipiga picha. Picha hizo mnazo tangu barua ya kwanza. Tazameni ile inayoonyesha tundu la nati ya kukazia fimbo: pembe zake zimelika, chuma kinang'aa pale ufunguo ulipoteleza. Kuna mtu aliyewahi kuilazimisha kabla yangu. Nati ilikuwa imekazwa hadi mwisho wake, na bado shingo ilikuwa imepinda. Maana yake ni kwamba mliponiuzia, fimbo haikuwa na nguvu yoyote iliyobaki ya kutoa.

Tangazo lenu lilisema: shingo imenyooka, fimbo inafanya kazi, besi iko tayari kwa jukwaa. Sikununua kwa kuamini tangazo peke yake. Nilipiga simu nikauliza maswali ambayo huwafundisha wanafunzi wangu wayaulize kabla ya kutoa fedha kwa besi iliyotumika. Je, nati bado ina nafasi ya kuzunguka? Ukibonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) na freti ya mwisho kwa pamoja, unaona mwanga kiasi gani juu ya freti ya 7 au 8? Inatakiwa iwe nafasi ndogo ya kupitisha kadi nyembamba, basi. Shingo imejisokota, upande wa E ukiwa juu kuliko upande wa G? Kusokotwa ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa sababu fimbo hainyooshi msokoto. Nikajibiwa kwamba yote yamekaguliwa. Nikaomba picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani. Nikatumiwa picha ya besi nzima kwa mbele, imeng'arishwa, haionyeshi chochote nilichouliza. Niliwaamini kwa sababu ni kampuni, si mtu wa kukutana naye njiani. Sasa naona kwamba mtu wa njiani angalau angeniacha niishike kwanza.

Ilipofika, juu ya freti ya 8 ningeweza kupitisha kadi nne zilizobebana. Kuanzia freti ya 5 hadi ya 12 mkono wa kushoto ulikuwa unafinya kama unaokamua nguo nzito, na kila noti ya juu ilikuwa inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa uzi ukibonyezwa kutoka juu namna hiyo huvutika zaidi na sauti hupaa. Niliipiga kwa saa moja, kifundo cha mkono kikauma siku mbili. Besi hiyo sikuinunua kwa ajili yangu peke yangu. Nilitaka mwanafunzi wangu aitumie kwa miezi ya mwanzo. Mtu anayeanza akipewa shingo kama hiyo ataamini kwamba vidole vyake ndivyo vibovu, na ataacha. Nimewaona walioacha.

Kuhusu jibu lenu la Jumanne. Mmeandika kwamba nyuzi kuwa juu ni “suala la ladha ya mpigaji”, na mkamtaja James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, kwamba naye alipiga na nyuzi zilizoinuka sana. Ndugu Meneja, jina hilo msinitajie kama ngao. Jamerson alikuwa na Precision yake ya 1962, nyuzi zake laini zilizozungushiwa utepe bapa, na kidole kimoja cha shahada alichokitumia kupiga karibu kila kitu alichorekodi Motown. Alikuwa amekizoea chombo chake, na aliridhika nacho hivyo hivyo. Mimi nimeuziwa shingo iliyoshindwa kwa maneno kwamba imenyooka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na aliyeandika barua ile anajua, au angepaswa kujua.

Kisha mkasema mtachangia nusu ya gharama ya matengenezo “kwa nia njema”, kwa kuwa fomu ya kupokelea inasema “uharibifu uliofanywa na mteja”.

Fomu hiyo. Nirudi tena kwenye kaunta, kwa sababu mara ya kwanza sikuwaeleza yote. Niliona aibu kuandika sehemu iliyobaki.

Sikuwa peke yangu. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama kando, kijana wa miaka 16, ameshika begi la besi kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja kuona jinsi mtu anavyorudisha bidhaa mbovu kwa adabu. Nilimwambia njiani kwamba ukieleza vizuri na ukiwa na risiti, watu waungwana watakusikiliza. Alimwona mtu wenu akitia ufunguo mdogo, akauona ukicheza. Alinisikia nikisema legeza nyuzi, na nililisema mara mbili, si mara moja kama nilivyoandika hapo juu. Mara ya pili niliunyoosha mkono kuizuia besi, na mtu wenu akausukuma mkono wangu pembeni kwa kiwiko. Ndipo akaegemea. Ndipo “tak”. Kijana akashtuka, begi likamponyoka. Wateja wawili waliokuwa upande wa ampi, vile vikuza sauti, wakageuka. Na wakati sote bado tumenyamaza, yule mtu wenu akavuta fomu, akaandika maneno yale bila kuinua kichwa, akanisogezea kalamu na kusema kwa sauti iliyosikika duka zima: “Mzee, besi haikufai. Jifunze kwanza, halafu ndiyo uje kununua.”

Nimepiga besi kwa miaka 22. Nimefundisha miaka 13.

Sikutia saini. Itafuteni fomu hiyo, mtaona nafasi ya saini iko tupu. Mwanafunzi wangu hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Aliponisemesha aliniuliza, “Mwalimu, kwa hiyo tulikosea wapi?” Kwa swali hilo peke yake mna deni kwangu ambalo matengenezo ya shingo hayalilipi.

Nililisahau jambo moja, nalo ni la hatari. Kabla ya hayo yote, tukiwa tunasubiri zamu, yule fundi wenu alimshauri mwanafunzi wangu anunue boksi la pili la spika, la omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), aliunganishe na lile la omu 4 alilo nalo nyumbani. Akamwambia “nne na nne ni nane, ampi itapumua”. Maboksi ya besi yakiunganishwa kwa njia ya kawaida hayajumlishwi hivyo. Ya omu 4 mawili huwa omu 2. Mawili ya omu 8 ndiyo huwa omu 4. Ampi ya kijana imeandikwa nyuma yake kwamba isishushwe chini ya omu 4. Angefuata ushauri ule ingechemka, na kama haina kinga ya kujizima ingeungua. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Wangapi wamefuata ushauri huo bila kuwa na mtu wa kuwavuta pembeni?

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, lile ombi la mwanzo wa barua hii naliondoa. Matengenezo siyataki tena. Najua mtapendekeza kufungua zile skrubu nne na kuifunga shingo nyingine, na kwa besi yenu wenyewe fanyeni mpendavyo. Mimi nataka fedha zangu zote nilizolipa, pamoja na nauli ya kusafirisha besi kuja kwangu na nauli yetu sisi wawili ya Jumamosi. Nataka maneno “uharibifu uliofanywa na mteja” yafutwe kwenye kumbukumbu zenu na nipewe nakala inayoonyesha kwamba yamefutwa. Nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yako, si ya idara, nayo iandikwe kwangu na kwa mwanafunzi wangu, ikieleza kwamba fimbo ilikatika mikononi mwa mfanyakazi wenu. Kijana aisome kwa macho yake.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku 14, kama mnavyowapa wateja. Lakini ninyi siku zangu hamkuziheshimu. Nawapa siku 7 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila fedha na bila barua ya radhi, shauri nitalipeleka kwa mamlaka inayowalinda walaji, nikiambatanisha tangazo lenu, picha za siku ya kwanza, jibu lenu la Jumanne, na maelezo ya mashahidi. Mmoja wa wale wateja wawili alinifuata nje akanipa namba yake ya simu bila kuombwa. Na nitafungua madai mahakamani, ambako sitaomba nusu ya kitu chochote.

Mpaka hapo litakapomalizika, besi ile iliyomo kwenye chumba chenu cha nyuma isiguswe. Isifunguliwe shingo, isibadilishwe nati, isirudishwe rafuni. Namba iliyopigwa kwenye bamba la shingo ninayo, na alama ya mkwaruzo iliyo chini ya pikapu ya pili, kile kinasa sauti cha nyuzi, ninaijua. Nikiiona imetangazwa tena kwamba shingo yake imenyooka, siku 7 hizo sitazisubiri.

Nijibiwe kwa maandishi. Simu sitaipokea.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa,
mwalimu wa besi.

Nakala: Mkurugenzi wa Kampuni.